Kanuni na Masharti Yake

Mjukuu wangu,

Juzi jioni ulipofika kutoka Dar es Salaam ulitusalimia vizuri, ukala ugali wa mtama na mlenda bila kusema neno, ukaingia kulala kuku hawajafungiwa bado. Bibi yako alidhani umekuja na malaria. Jana asubuhi ukanifuata nyuma ya banda, ukanipa simu yako nisome mwenyewe: matokeo ya muhula wa kwanza wa mwaka wa pili, na ndani yake sapu mbili, moja ya hesabu, nyingine ya mekanika ya vimiminika. Ukasema, "Babu, uhandisi si wangu. Niombee kwa baba nihame, nikasome mambo ya biashara." Nikakwambia nitakujibu kesho.

Nimekesha na taa na daftari. Naandika badala ya kusema kwa sababu ndani ya jibu langu kuna jambo ambalo sijawahi kulisimulia katika nyumba hii, hata baba yako halijui, na nikilianza kwa mdomo nitaliachia njiani. Ukishalisoma wape na wenzako walisome. Hukupata sapu peke yako, na wapo waliofaulu ambao jambo hili linawahusu kuliko wewe.

Kwanza sapu yenyewe. Sitakudanganya kwamba si kitu. Utarudi kuifanya wenzako wakiwa makwao, na hata ukijibu kila swali sawasawa alama yako haitazidi C. Ukishindwa tena utalibeba somo hilo juu ya masomo mengine, na mzigo ukizidi chuo kitakuondoa. Ninyi mnaita kudisko. Sisi tulikuwa na maneno yetu, lakini aliyeondolewa alirudi kijijini na sanduku lilelile. Kwa hiyo ulie, una haki ya kulia. Ila ukishafuta machozi, angalia karatasi ile imesema nini. Imesema kwamba siku ile, kwenye chumba kile, hukuwa umeelewa. Imesema kweli, na imesema mapema, kabla mtu hajaumia. Karatasi yangu mimi, ya mekanika hiyohiyo, ilisema uongo. Nilipata B.

Niliingia chuo mwaka 1978. Kitivo cha Uhandisi pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilikuwa na miaka mitano tu tangu kifunguliwe mwaka 1973 kwa msaada wa Ujerumani Magharibi. Kabla ya hapo Mtanzania aliyetaka uhandisi alikwenda Nairobi au ng'ambo. Tulikuwa wakubwa kidogo kuliko ninyi, maana baada ya Azimio la Musoma la 1974 wengi wetu hatukutoka kidato cha sita tukaingia chuoni moja kwa moja: tulipita JKT, tukafanya kazi, ndipo tukapendekezwa. Mwaka wa kwanza walitupeleka karakana, kila mmoja akapewa kipande cha chuma na tupa, tukakisugua wiki baada ya wiki mpaka kiwe mraba kamili, mikono imejaa malengelenge. Niliupenda mwaka ule. Ukiweka pembemraba juu ya chuma chako na mwanga ukapenya chini yake, umekosea, na jirani yako anaona, na fundi anaona. Mwaka wa pili wakatuondolea chuma wakatuletea karatasi, na juu ya karatasi mwanga hauonekani ukipenya.

Nadhani hakuna aliyekwambia mwaka wa pili ni kitu gani. Mwaka wa kwanza ni kidato cha sita kilichobadilisha sare. Mtu anaweza kuumaliza kwa akiba aliyokuja nayo. Mwaka wa tatu na wa nne mtu anaanza kuiona kazi, ana mradi wake, anaitwa mhandisi kwa utani na wenzake. Wa pili uko katikati na hauna sifa yoyote. Mbuzi wa kukuaga ameshaliwa, wa kukupokea hajazaliwa. Unaujua mlima Sekenke. Wewe umeupita kwenye lami, umelala. Sisi tuliupita malori yakipanda kwa gia ya chini kabisa, na utingo anatembea kwa miguu nyuma ya tairi na kigogo mkononi, gari likikata pumzi analiwekea lisirudi nyuma. Kule chini abiria walipiga soga, kule juu walicheka. Kwenye kona za katikati hakuna aliyefungua mdomo.

Na ni kwenye kona hizohizo hesabu inapobadilika tabia. Huko nyuma ulitafuta x, ukaipata, ukaipigia mstari. Sasa x ni maji yanayopaswa kumfikia mtu, au ni uzito wa watu waliosimama juu ya sakafu, au joto linalotoroka kwenye ukuta wa bomba. Hakuna anayegonga kengele kukujulisha kwamba imebadilika. Wengi wanaendelea kuitafuta ileile ya zamani.

Mimi nilikuwa mmoja wao. Tulikuwa na madesa kama ninyi: maswali ya miaka iliyopita, majibu kwa mwandiko wa mtu aliyetutangulia, karatasi zimepita mikono mingi hadi zimekuwa laini kama kitambaa. Nilikuwa hodari wa kukariri. Mwalimu akiandika kanuni ya Bernoulli ubaoni, juu yake aliandika mstari mmoja wa maneno: mtiririko usiobadilika kwa wakati, kimiminika kisichobanika, pasipo msuguano. Mimi niliruka mstari wa maneno nikanakili kanuni, kwa sababu mtihani haukuuliza maneno. Mwaka wa tatu tukafika kwenye kanuni ya Theis, yule Mmarekani aliyeonyesha mwaka 1935 jinsi maji yanavyoshuka kisima kinapopampiwa. Nayo ilikuwa na mstari wake wa maneno. Nikauruka kwa tabia niliyokwisha kuijenga.

Nilimaliza 1982 nikapangiwa huku kwetu Singida, idara ya maji. Serikali ilikuwa na mpango wa miaka 20, ulioanza 1971, kwamba ifikapo 1991 kila mwananchi wa kijijini apate maji safi ndani ya mita 400. Mwaka 1984 tulichimba kisima kirefu katika kijiji kimoja upande ambao leo ni wilaya ya Mkalama, wakati ule yote ikiitwa Iramba. Mita 72. Maji yalipotoka wanawake walipiga vigelegele, mzee mmoja akamwaga ya kwanza chini kwa ajili ya waliotangulia. Kazi yangu ilikuwa kupima uwezo wa kisima: pampu ifanye kazi saa 24 mfululizo, na mimi nikiteremsha kamba ya kupimia, naandika maji yameshuka kiasi gani. Dakika kumi za mwanzo unapima kila dakika, kisha kila baada ya tano, kisha kumi, kisha nusu saa, mpaka usiku unapima kila saa ukipigana na usingizi.

Dizeli ilikuwa ya kibali miaka ile, na tuliyopewa haikutosha. Baada ya muda wa saa nne pampu ilizimika. Nilitazama grafu yangu: maji yalishuka haraka mwanzoni, kisha yakaanza kutulia, mstari umelala vizuri kabisa. Nikachukua rula, nikaurefusha mstari mpaka saa ya 24. Nikaingiza namba kwenye kanuni ya Theis. Nikaandika: kisima kinatoa lita 5,000 kwa saa. Kwa namba hiyo likajengwa tangi, ikafungwa injini, yakatandazwa mabomba na vilula. Kwa namba hiyo watu wakajitolea kuchimba mtaro wa mabomba kwa majembe kwenye ardhi ya kokoto, wiki nzima, bila malipo.

Agosti mabomba yakaanza kutapika hewa.

Tulipopata dizeli ya kupima upya, saa 24 kamili, niliona kwa macho yangu. Mpaka saa ya nane mstari ulikuwa umelala kama mwanzo. Saa ya tisa ukavunjika, maji yakaporomoka. Kanuni ya Theis inasema wazi, kwenye ule mstari wa maneno niliouruka, kwamba tabaka lenye maji limeenea pande zote bila mwisho na ni la aina moja kila mahali. Na wewe umekulia juu ya mawe haya, unajua kilichoko chini yetu. Ni graniti. Maji ya Singida hayakai kwenye tabaka lisilo na mwisho. Yanakaa ndani ya nyufa za mwamba, na kwenye mwamba uliooza ulioko juu yake. Ufa una mwisho. Wetu ulikuwa mfupi, na pampu iliukuta ukuta wake saa ya tisa. Kisima kile kilikuwa cha lita 900 kwa saa, pampu moja ya mkono. Tangi likabaki tupu. Lipo mpaka leo, mbuzi hulala kwenye kivuli chake.

Hakuna aliyenigombeza. Mahesabu yangu yalikuwa safi, ripoti ilifungwa kwa pini, ukosefu wa dizeli ukabeba lawama zote. Lakini wasichana wa pale, umri wako au chini yake, waliendelea kuamka saa kumi usiku kwenda kufukua mchanga korongoni kwa miaka mingine sita, hadi kilipochimbwa kisima kingine. Nimepita pale mara nyingi. Wananiamkia kwa heshima, hawajui kwamba rula ilikuwa yangu.

Sasa umeelewa kwa nini sapu yako hainitishi. Ninachohofia ni B ya namna yangu. Ukiniambia utalipata desa zuri zaidi na Septemba utapita, nitasikitika kuliko nilivyosikitika jana.

Bibi yako akikupa mizizi ya tumbo, hakupi mizizi peke yake. Anakwambia usinywe na maziwa, usinywe kabla ya kula, siku ya tatu uache. Mtu akichukua mizizi akaacha masharti, dawa ileile inamlaza. Kanuni za mwaka wa pili ziko hivyo, zote. Nunua daftari jipya, kubwa. Kila kanuni unayokutana nayo iandike ukurasa wa kushoto. Wa kulia andika masharti yake kwa maneno, kisha ujiulize na uandike: masharti haya yanavunjika wapi hapa kwetu? Usiende kwenye swali la pili kabla ukurasa wa kulia haujajaa.

Nikupe mifano ili usione nasema tu. Bernoulli hana msuguano. Chukua bomba la kilomita sita kutoka kwenye tangi la mlimani kwenda kijiji cha bondeni, umpigie Bernoulli mtupu: maji yatafika kwa nguvu hadi yang'oe koki. Nenda kwenye kilula cha mwisho wa bomba hilo saa mbili asubuhi, wakati vilula vyote vya juu vimefunguliwa, uone yanavyodondoka. Kila mita ya bomba imekula chake. Ule umbali kati ya jibu la kitabu na ndoo ya yule mama ndiyo sura nzima ya msuguano ambayo kwenye mtihani wako, kwa jinsi ulivyonisimulia, uliikimbia.

Au chukua mnato. Kitabu chako kinaanza na kimiminika chenye mnato usiobadilika hata ukikisukuma vipi, na karibu kila swali ni la maji. Bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, kwenda Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443, linapita mkoani mwetu. Mafuta yale yana nta. Yakipoa yanakuwa mazito hadi yagome kutembea, ndiyo maana bomba limevalishwa koti la kuhifadhi joto na limeundwa ili mafuta yatunzwe kwenye nyuzi joto 50 hivi. Swali la mnato na swali la joto, yale mliyofundishwa kwenye vyumba viwili tofauti na walimu wawili, yamelala pamoja ndani ya mtaro mmoja kwenye mashamba ya watu unaowajua.

Na Darcy. Uliniambia kanuni yake huipendi. Henry Darcy alikuwa mhandisi aliyewapatia maji watu wa mji wa Dijon, Ufaransa. Alijaza mchanga kwenye mtungi mrefu wa chuma, akafanya majaribio yake katika hospitali ya mji ule, akapitisha maji, akapima, akarudia. Mwaka 1856 akachapisha alichokiona. Kanuni yake imezaliwa kwenye mchanga, maji yakitembea polepole. Ipeleke kwenye ufa mpana wa graniti ambako maji yanakimbilia kisimani na inaanza kuyumba. Kila kanuni ina kwao, kama mtu. Ukijua ilikozaliwa utajua itakapougua.

Hata namba moja peke yake ina masharti. Utaona wazee wengi wa hapa meno yao yana rangi ya kahawia. Ni madini ya floraidi kwenye maji ya visima. Singida tunayo, kama walivyo nayo Arusha na Kilimanjaro. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Sisi mwaka 1974 tulijiwekea miligramu 8 kwa maji ya vijijini. Si kwamba waliopanga hawakujua. Walijua kwamba wakiandika 1.5 watafunga visima vingi, na watu watarudi madimbwini wafe kwa kipindupindu. Waliandika 8 iwe ya muda. Baadaye ilishushwa. Lakini nilipokuwa kazini nilikutana na vijana waliosoma 8 kwenye jedwali bila kujua kwamba neno "muda" lilikuwa limesimama pembeni yake, wakiidhinisha kisima kwa mkono mwepesi. Kule Ngurdoto, Arusha, kuna kituo kilichotumia miaka kuchuja floraidi kwa makaa ya mifupa ya ng'ombe. Kijana aliyejua masharti ya ile 8 ndiye angeuliza habari za mifupa.

Jambo jingine, la lugha. Mnasoma kwa Kiingereza, na Kiingereza kinampa mtu mahali pa kujificha. Neno kubwa likikaa vizuri mdomoni unadhani umelimeza. Kipimo chako kiwe bibi yako. Ukae naye jikoni umweleze kwa nini maji ya bomba yanapanda kwenye nyumba ya jirani asubuhi lakini mchana hayapandi. Hana shule, lakini ana masikio, na akikosa kukuelewa ujue hujaelewa. Ukikwama, hapo ulipokwama ndipo pa kufungulia kitabu. Simu zenu siku hizi zinatoa jibu la swali lolote, hatua kwa hatua, kabla kalamu haijafika mezani. Sikukatazi. Iulize masharti kwanza, kisha ubishane nayo.

Na mafundi. Ukiwa hapa likizo hii nataka uende mjini kwenye mashine za kukamua alizeti ukae siku tatu. Yuko fundi pale, hakumaliza darasa la saba, anaweka ncha ya bisibisi kwenye bodi ya mashine na mpini wake kwenye sikio, anasikiliza, anasema beringi hii haitamaliza mwezi. Muulize anasikia nini. Usimwambie wewe ni wa chuo kikuu, atanyamaza kwa heshima. Shika ufunguo, msaidie kufungua, toka na mashudu kwenye nywele. Uhandisi wa nchi hii unabebwa na watu kama yeye, na mhandisi asiyejua kuwasikiliza atakuwa karani wa vifaa.

Hili nalo nakwambia kwa uchungu kwa kuwa wewe ni msichana. Uliniambia kwenye kundi lenu la upimaji mko wanane, wasichana wawili. Nikakuuliza nani anashika darubini. Ukasema wavulana, ninyi mnaandika, kwa sababu mna mwandiko mzuri. Mjukuu wangu, huo mwandiko mzuri utakunyima taaluma. Kesho kutwa utapewa cheti cha upimaji na macho yako hayajawahi kuusoma mstari kwenye fimbo. Usigombane nao, ila siku ya zoezi fika wa kwanza, kifungue kifaa mwenyewe, kisimamishe, kisawazishe mpaka kiputo kitulie katikati. Atakayekuja atakukuta umeshakiinamia, na yeye ndiye atakayeshika kalamu.

Mambo ya bumu, ule mkopo wenu wa chuo, sitayasema sana. Pesa ile ni deni, utaikatwa kwenye mshahara wako ukianza kazi, kwa hiyo usiitume nyumbani kutuonyesha kwamba unajiweza. Jana ulimpa bibi yako elfu hamsini. Amezifunga kwenye kitambaa, atakurudishia ukiondoka. Kula vizuri. Nilishaona vijana wakisoma kwa chai na chapati moja kutwa nzima halafu wakishangaa kichwa kimekataa mlinganyo.

Baba yako atakuuliza faida ya haya yote ni nini. Mwambie hivi. Ukimaliza mwaka wa nne bado hujawa mhandisi kamili. Bodi ya Usajili wa Wahandisi itakuandikisha kama mhitimu, utakaa chini ya wakubwa kazini, miaka mitatu kwa wanaopita kwenye mpango wa mafunzo wa Bodi, ndipo wakuhoji, wakusajili, ule kiapo, upewe muhuri wenye jina lako. Muhuri ule unagongwa juu ya namba. Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa linajengwa mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka likaua watu 36, wakiwemo watoto waliokuwa wanacheza karibu yake. Siku ile, ingawa ilikuwa sikukuu, nilikuwa ofisini napitia michoro ya vijana wangu. Nilipopata habari nilizima redio nikafungua kabati, nikatoa ile grafu ya 1984. Bado ninayo. Nitakuonyesha mahali rula ilipoanzia.

Juu ya kuhama: sikukatalii. Biashara ni elimu, na nchi inaihitaji. Lakini usihame leo, ukiwa umeinamisha kichwa. Maliza sapu hizi kwa kuelewa. Siku utakayoweza kunieleza hapa nyuma ya banda kwa nini mstari wangu ulivunjika saa ya tisa, kwa Kiswahili, bila daftari, ukiniambia bado hutaki, nitakwenda kwa baba yako mwenyewe na kofia mkononi.

Sasa sikiliza. Vijana wa maji wamechimba kisima kipya upande uleule wa Mkalama, na kesho wanaanza kukipima, saa 24. Nimewaomba, wamekubali tukae nao. Gari litatupitia saa kumi na moja alfajiri. Beba sweta, upepo wa kule usiku unaujua. Beba daftari na kalamu mbili za risasi, kalamu ya wino hugoma kwenye baridi. Bibi yako ameshasaga uwele, asubuhi atatupikia uji tuubebe kwenye chupa ya chai. Dakika kumi za kwanza utateremsha kamba wewe, nami nitaandika. Usiku tutapokezana. Ikifika saa ya tisa, kama nitakuwa nimesinzia, niamshe.